Fundi Viatu Anayeisema Vibaya Timu Yake kwa Ajili ya Baba

Saa tatu asubuhi, jua halijafika bado kwenye benchi la wateja, na Mama Soli amekwisha kumponda winga wa timu yake mara mbili.

"Kiberiti hajui mpira," anasema. Kiatu cha shule kimebanwa katikati ya magoti yake, sindano iko mkononi. "Anakimbia kama mtu aliyefukuzwa na nyuki. Ningekuwa kocha, leo angekaa nje."

Kando yake, kwenye kiti cha plastiki kilichowekwa mto, baba yake anageuka taratibu. Mkono wa kulia umelala mapajani. Mdomo unafunguka, unajifunga, unafunguka tena. Mwanamke aliyeleta viatu vyenye visigino vilivyolegea anaona mzee anavyohangaika, anataka kumsaidia. Mama Soli anamkata jicho, naye anameza maneno yake.

"Mwo... mwongo!" mzee anasema. Anavuta pumzi. "Mabao... tisa. Kafunga... tisa!"

"Yote ya kubahatisha, baba."

"Kuba... kubahatisha... wewe!"

Mama Soli anainamia kiatu ili mzee asimwone usoni. Anacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, huku akivuta uzi. Kisha anamnong'oneza mwandishi wa makala haya: "Umelisikia hilo la kubahatisha? Mwezi uliopita lisingetoka."

Mama Soli ni jina alilopewa na wateja, kwa sababu hakuna kiatu kinachoingia mkononi mwake bila yeye kukigeuza na kuilaumu soli. Ni mama wa watoto wawili wanaosoma sekondari, mtu wa makamo, mwenye sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara na mikono iliyoota sugu za uzi. Kibanda chake cha mbao na mabati kimeegemea ukuta wa ghala, jirani na fundi wa baiskeli anayeitwa Pampu.

Kibanda hicho ni cha baba yake. Mzee alikaa hapo akigonga visigino tangu kabla binti yake hajazaliwa, na hapo ndipo alipomfundisha mambo mawili anayoyajua kuliko mengine yote duniani, viatu na mpira. Timu yao ni ile ya jezi za kijani, na mtaa mzima unaiita hivyo hivyo, Kijani.

"Nikiwa mdogo alinibeba mabegani kwenda uwanjani," anasimulia. "Watu wote wanaangalia mpira, yeye ananiambia, mwanangu, mwangalie yule asiye na mpira, angalia anakwenda wapi. Hapo ndipo utajua nani mchezaji."

Mwaka jana mzee alianguka hapo hapo kibandani, nyundo ikiwa mkononi. Kilikuwa kiharusi. Mguu ulirudi kidogo kidogo, mkono ukasuasua, lakini maneno yaliondoka kabisa. Akitaka maji alisema "ndiyo". Akiumwa alisema "ndiyo". Wakati mwingine alisema "ndiyo" huku machozi yakimtoka, na wala hakuna aliyejua anakubali nini.

Nyumbani walihamishia kitanda chake sebuleni, karibu na dirisha, wakafunga kamba kutoka kitandani hadi mlangoni ili ajishikilie akiamka. Kazi ilipungua. Wakiwa wawili walizoea kumaliza jozi ishirini kwa siku. Sasa binti akifikisha kumi na mbili anashukuru, kwa maana kabla ya kufungua kibanda sharti amwogeshe mzee, amlishe, amvishe, kisha amkokote hadi kwenye kiti chake. Nilimuuliza kwa nini asimwache nyumbani apumzike. Aliniangalia kama niliyeuliza kwa nini samaki asikae mezani.

"Apumzike na nani? Na ukuta?"

Hospitali walikutana na dada mmoja anayefundisha wagonjwa kuongea upya. Aliwaambia jambo lililo rahisi kulisikia na gumu kulitenda, yaani wasimmalizie maneno. Akikwama, wangoje. Hata akikwama mpaka chai ipoe, wangoje.

Walingoja. Miezi miwili ikapita, ndiyo ikabaki kuwa ndiyo.

Halafu Kijani wakafungwa nyumbani na timu ya mkiani, mabao matatu bila majibu. Mama Soli alisikiliza kwenye redio hapo kibandani, akapandwa na hasira kama shabiki yeyote mwenye damu mwilini, akatupa nyundo na kusema kwamba timu nzima iuzwe, na waanze na yule Kiberiti.

"Nikasikia nyuma yangu, 'Mwongo!'" anasema. "Nikageuka. Nikadhani ni Pampu. Pampu hayupo. Baba kanikazia macho, uso umewiva. Neno la kwanza la maana tangu aanguke, na ni tusi, na ni langu. Nililia siku ile hadi mteja akadhani nimejidunga sindano."

Kesho yake alijaribu tena. Alisema Kiberiti ni mzigo. Mzee akasema "hapana", na ilikuwa hapana yenye mfupa. Keshokutwa yake akasema Kiberiti hana mguu wa kushoto. Mzee alihangaika muda mrefu, jasho likimtoka, mpaka akaleta neno "anao".

Basi ikawa dawa. Tangu siku hiyo, Mama Soli hajasema neno jema juu ya Kiberiti mbele ya baba yake, na kibandani pakawa na sheria moja: hakuna kumkubalia mzee. Mteja akileta kiatu ananong'onezwa mapema. Mwenye maoni mabaya kuhusu Kijani anakaribishwa kwenye benchi. Mwenye maoni mazuri anaombwa ayaweke mfukoni.

Sheria hiyo ina mhalifu mmoja tu katika historia yake. Ni Pampu, mtu mwema asiyeweza kuzuia furaha yake. Siku moja mzee alijikongoja hadi akafikisha sentensi karibu nzima, kwamba nahodha achezeshwe nyuma zaidi. Pampu alikuwa anaziba tairi. Aliruka juu akapiga makofi: "Umesema kweli tupu, mzee wangu!" Mzee alitabasamu, akaitikia kwa kichwa, akanyamaza. Alinyamaza mpaka jioni. Hakuwa na wa kubishana naye tena.

"Nilitaka kulia," Pampu anakiri, akijifuta mafuta mikononi. "Mama Soli alinigeuzia mgongo siku nzima. Hata pampu yangu mwenyewe alikataa kunipitishia."

Mzee anaposinzia kidogo mchana, Mama Soli ananivuta nyuma ya kibanda, kwenye njia nyembamba kati ya mabati na ukuta wa ghala. Anachungulia kwanza. Ndipo anafungulia maoni yake halisi, kwa pupa, kama mtu aliyefunga siku nyingi.

"Kiberiti ndiye mchezaji wangu," anasema. "Mpira ukimfikia mguuni unatulia kana kwamba umefika kwao. Na akinyang'anywa anarudi kukaba, haoni aibu. Mawinga wangapi wanarudi? Wengi wanashika kiuno. Nahodha nampenda, ila ukweli usemwe, miguu imechoka. Ikifika dakika ya sitini anaanza kucheza kwa kidole, wewe nenda pale, wewe nenda kule. Kipa wetu mashuti anadaka, lakini krosi zinamtia homa. Na washambuliaji wetu wana huruma mno. Mtu anabaki yeye na goli, anamfikiria mama wa kipa!"

Anacheka, halafu kicheko kinamkatikia.

"Unajua kinachoniuma? Si kusema uongo. Kiberiti akifunga, mimi lazima ninune. Baba anashangilia peke yake pale kitini, na mimi nimekaa hapo karibu yake nimekunja uso. Tulishangilia pamoja maisha yetu yote. Nimemkumbuka baba yangu, na yupo hapa hapa."

Kwa nini asiache, hata kwa siku moja?

"Naogopa," anasema. "Nikimkubalia atanyamaza. Na akinyamaza safari hii, sijui nitampata wapi."

Leo si siku ya kawaida. Ni mechi ya mwisho ya msimu, na Kijani wasiposhinda wanashuka daraja. Saa kumi jioni redio inawekwa juu ya boksi la gundi. Benchi limejaa. Pampu amefunga kazi, ameketi juu ya tairi. Mama Soli ana kiatu mkononi, ila tangu mpira uanze hajakipiga hata msumari mmoja.

Kipindi cha kwanza kinapita bila bao. Cha pili kinaanza vibaya. Kipa anatoka kufuata krosi, anaikosa, mpira unagonga mwamba. Mzee anafumba macho.

"Mwisho wetu umefika," Mama Soli anasema, na safari hii sidhani kama anaigiza. "Na Kiberiti wako yuko wapi, baba? Amekwenda sokoni?"

"Ata... kuja," mzee anasema.

"Haji huyo."

"Atakuja!"

Dakika ya themanini na saba mtangazaji anaanza kuongea haraka. Kiberiti amepokea mpira pembeni. Amempita mmoja. Amemvuta wa pili. Ameingia ndani, anapiga kwa ule mguu wa kushoto, na redio inapasuka kwa kelele kiasi kwamba neno "goli" hatulisikii kabisa, tunaliona tu kwenye nyuso za watu.

Kiatu kinaruka hewani. Mama Soli amesimama, mikono juu, anapiga kelele mpaka watu wa ng'ambo wanageuka: "Kiberiti! Kiberiti wangu! Mtoto wa watu, Mungu akubariki mguu huo!" Anamrukia baba yake, anamkumbatia na kiti chake, anambusu kipara, anamtikisa. "Umeona, baba? Umemwona?"

Halafu anakumbuka.

Ninamwona anavyokumbuka. Mikono inalegea mabegani mwa mzee, uso unamporomoka. Pampu ameshika kichwa. Anayeendelea kushangilia ni mtangazaji tu.

"Baba," anasema polepole. "Mimi nili..."

Mzee anamtazama. Machozi yanamtiririka, mdomo unatafuta. Unafunguka, unajifunga. Mama Soli amepiga magoti mbele yake, na hata sasa, pamoja na hofu yote aliyonayo, hammalizii neno.

"U... ume... pona," mzee anasema.

"Nani amepona, baba?"

"Wewe."

"Mimi? Mimi nilikuwa naumwa nini?"

Pampu anainama, anapunguza sauti ya redio. Mzee anainua mkono wake mzima, anaugusa upande wa kichwa chake mwenyewe, kisha anaugusa wa binti yake.

"Mpira... ulikuwa... huuoni. Mwanangu mimi... hamwoni... Kiberiti? Nikajua... kichwa. Kama... changu." Anapumzika. Kifua kinapanda na kushuka. "Nikasema... nisiponyamaza... utarudi."

Mama Soli analaza kichwa kwenye mapaja ya baba yake, juu ya ule mkono usio na nguvu, analia kwa sauti bila kumwonea haya mtu yeyote. Mwaka mzima amekuwa akiamka alfajiri kufikiria uongo mpya wa kumtoa baba yake maneno. Kumbe mwaka huo wote mzee naye alikuwa akiamka kufikiria namna ya kumtoa yeye kwenye ugonjwa. Alikuwa akiyasukuma yale maneno mazito, moja baada ya jingine, ili kumponya mtoto.

Sina haja ya kuwaficha wasomaji. Nami niliifunga kalamu yangu kwa muda.

Filimbi ya mwisho inalia, Kijani wamebaki ligi kuu, na mtaani watu wanagonga masufuria. Mama Soli ananawa uso kwenye ndoo ya kulowekea ngozi, anaokota kiatu cha mtu kutoka katikati ya barabara, anakipangusa. Nilipomuuliza kuhusu mipango yake, hakuhitaji kufikiri.

"Msimu mpya ukifunguliwa, nampeleka uwanjani," anasema. "Kwa dada wa hospitali bado tutaenda, maana safari ni ndefu, hilo alituambia tangu mwanzo. Lakini uwanjani tunakwenda. Pampu ameahidi kututengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, yenye kiti mbele. Tutakaa pale jukwaani, kivulini, karibu na lango, ili akichoka tutoke haraka."

"Nyuma," mzee anasema.

"Nyuma wapi, baba?"

"Nyuma ya... goli."

"Baba, nyuma ya goli kuna jua! Kuna kusukumana, hakuna hata pa kuegemea. Wewe mtu wa kukaa kivulini." Mama Soli ameshika kiuno, na anayoyasema anayasema kwa moyo wake wote. "Kivulini, nimemaliza."

Mzee anajiweka sawa kitini, ananyoosha shingo, anamkazia macho binti yake.

"Nyuma ya goli," anasema, na hakwami hata mara moja.