Ngozi ya Dume la Wilhelmina

Ngoma ya Kashindye ilikuwa na mngurumo ambao ukisikika Ukerewe watu walianua dagaa wao mbio, wakidhani mvua inakuja. Ndivyo wanavyosimulia watu wa kijiji chake, upande wa Ilemela, na watu wa pale hawawezi kukupa habari isiyo na chumvi, maana hata samaki bila chumvi hawali. Lakini kwamba ngoma ile ililimisha watu, hilo halina chumvi hata punje.

Ilikuwa ngoma ya bugobogobo, ngoma ya majembe. Vijana walijipanga mstari shambani, Kashindye akawa mbele yao anarudi kinyumenyume na ngoma tumboni. Akipiga, majembe yanarushwa juu, yanazunguka, yanadakwa, yanashuka ardhini kwa kishindo kimoja. Shamba ambalo mjane angehangaika nalo mwezi mzima liliisha kabla uji wake haujapoa. Walilima kwa zamu, nyumba hadi nyumba, na mwenye shamba kazi yake ni kupika.

Zamu ilianzia kwa Wilhelmina, mama yake Kashindye, mwaka hata mwaka, wala hakuna aliyenung'unika. Ngoma ya zamani ilipopasuka, ni yeye aliyetoa dume lake la pekee, jeusi lenye baka jeupe ubavuni, likachinjwa ili ngozi ipatikane. Sharti lake lilikuwa moja, na alilisema mbele ya vijana wote: kila mvua ikianza, dume lake lianze kulima kwake, mpaka siku watakapomzika. Vijana walicheka wakakubali. Yeye hakucheka.

Basi ikaja Hoteli ya Mawe Matatu. Miaka ile ya Ujamaa kila kitu kilikuwa cha wote, isipokuwa kamari, ambayo haikuruhusiwa kuwa ya mtu yeyote. Sasa shirika moja likapata kibali: kamari ichezwe pale ufukweni, kwa wageni tu. Mwenyekiti wa kijiji alilieleza jambo hilo mkutanoni likaeleweka vizuri sana. Mzungu atakuja na fedha zake za kigeni, atazipoteza mezani, na trekta litaingia kijijini. Bibi mmoja aliuliza kama mzungu mwenyewe ameshaambiwa. Akaambiwa akae chini.

Meneja wa hoteli alikuwa Bwana Lwakatare, Mhaya msomi, mwenye shati jeupe ambalo hata inzi aliogopa kutua juu yake. Hakuwa mtu mbaya. Siku alipoisikia ngoma kutoka barabarani, alivua viatu akaingia shambani, akasimama kwenye udongo mbichi mpaka vijana walipomaliza mstari. Hapo hapo aliwataka wote waje kuwachezea wageni, kwa mshahara wa kila mwezi, sare na chakula. Kashindye hakuwa amewahi kushika mshahara maishani mwake. Alimtazama Ngosha, rafiki yake na mrusha jembe hodari kuliko wote, na Ngosha alikuwa ameshaanza kupangusa miguu.

Hotelini majembe yao yalikwaruza sakafu, basi yakatundikwa ukutani juu ya meza za karata, yakawa mapambo. Fundi akawatengenezea mengine ya bati, mepesi, yaliyopakwa rangi nyekundu. Yalirushwa juu mpaka yakagonga taa, na wageni wakapiga makofi. Ngoma nayo ilipigwa namba nyeupe ubavuni, kama viti na vitanda, ikawa mali ya shirika.

Mvua za kwanza ziliponyesha, Wilhelmina alimtumia mwanawe salamu: dume lianze. Kashindye akajibu kwamba wageni wa Nairobi wanakuja, asubiri wiki ijayo. Wiki ijayo wakaja wengine. Mwishowe yule mama alifunga khanga yake, akatembea hadi hotelini akaingia kwa mlango wa jikoni, akamkuta mwanawe amevaa manyoya ya mbuni ambayo babu zake hawakuyajua.

Kashindye alimwamkia, akamletea soda. Mama hakuigusa.

"Mwanangu, udongo umelainika."

"Nimesikia, mayu. Lakini nikiondoka siku moja tu, kazi wanampa mwingine. Nitakutumia unga. Gunia zima."

"Unga huo unalimwa na nani?"

Kashindye akacheka kidogo kama mtu aliyekanyagwa mguu. Mama alikwenda hadi ilipo ngoma, akaipapasa mahali lilipokuwa baka jeupe.

"Dume langu sikulitoa lichezwe," alisema. "Nililitoa lilime."

Akaenda zake. Kashindye aliitazama ile soda mpaka mapovu yakaisha, kisha akaitwa ukumbini.

Unga aliutuma kweli, mwaka ule. Na wengi walituma, kwa sababu hoteli ilikuwa imeita kila mtu: wanawake wakafua mashuka, wanaume wakafyeka nyasi, wasichana wakabeba vinywaji. Redio ziliingia kijijini hata jogoo wakaacha kuwika, wakisubiri saa itangazwe. Mashamba yalibaki kwa wazee, na wazee walilima kilichowezekana kulimwa na wazee. Ngosha, ambaye hakuwa mgeni wa nchi yoyote, aligundua mlango wa nyuma na mashine ya kamari ya kuvuta mkono. Mashine ikaila baiskeli yake kwanza, halafu ikala ng'ombe waliokuwa wamekuja kwa mahari ya dada yake.

Kisha mvua zikakataa kabisa. Mwaka ule anaukumbuka mtu yeyote aliyeula unga wa njano ulioletwa kwa meli kutoka ng'ambo. Kashindye alikuwa na noti mfukoni, akazunguka nazo maduka ya Igogo yote na kurudi nazo. Hapo ndipo kijiji kilipojifunza kwamba noti haisongwi ikawa ugali.

Trekta halikuja. Wageni nao waliadimika, kisha kibali kikafutwa, na watu wa Dar es Salaam wakaja kufunga milango. Bwana Lwakatare aliwaaga vijana mmoja mmoja kwa mkono, mshahara wa mwisho hakuwa nao. Kashindye aliomba ngoma na majembe. Akaambiwa kila chenye namba kibaki ndani mpaka wenye mali waje kuhesabu. Majembe hayakuwa na namba, lakini ukuta ulikuwa nayo. Vijana wakarudi nyumbani na vile vibati vyekundu mabegani, na jembe jipya dukani lilikuwa halipatikani kwa dawa.

Wilhelmina alikuwa amelima kipande kidogo nyuma ya nyumba, peke yake, na jua likakichoma. Chakula kilichopatikana aliwagawia wajukuu, akisema yeye ameshiba. Aliyasema hayo vizuri sana, kila mtu akaamini. Alifariki mwanzoni mwa mvua, siku ambayo udongo ulikuwa umelainika.

Walimzika kwa majembe ya kuazima kijiji jirani, na wenyewe wakayataka jioni ile ile. Halafu vijana, bila kuambiana, wakajipanga kwenye shamba lake na vile vibati. Kashindye alichukua debe tupu, akapiga. Majembe yakarushwa juu sana, juu kuliko zamani, yakashuka pamoja, yakakunjika kama majani ya mgomba. Hakuna aliyecheka. Ngosha alijaribu kulinyoosha lake kwa goti, akashindwa, akakaa chini pale pale akalia kwa sauti.

Ngosha huyo ndiye aliyepewa baadaye ulinzi wa hoteli tupu. Kashindye alimfuata pale mchana kweupe.

"Ufunguo sina," Ngosha alimwambia kabla hajaulizwa. "Ila dirisha la jikoni halifungi, na mimi sasa hivi nakwenda ziwani kunawa uso."

"Uso wako una uchafu gani?"

"Wewe unaujua."

Kashindye akapanda. Ngoma aliikuta imekaa kati ya meza za karata, imejaa vumbi, na panya walikuwa wameshaanza kula ngozi pembeni, karibu na baka. Aliibeba hadi dirishani. Haikupita. Aliigeuza kila upande, haikupita. Akairudisha mahali pake, akaifuta vumbi kwa shati lake, akashusha jembe moja ukutani, akatoka nalo.

Siku ile alianza kulima shamba la mama yake, peke yake, bila ngoma wala debe, na miaka yote iliyofuata akafanya hivyo mvua zikianza, kabla ya kugusa shamba lake mwenyewe. Wapo majirani wanaoapa kwa wafu wao kwamba kila akiinua jembe, ngoma ilijibu yenyewe kule hotelini, pigo kwa pigo, na kwamba kabla haijanguruma ilitoa mlio wa ng'ombe. Walikwenda kumwuliza Kashindye.

Aliwaambia yeye alisikia jembe tu.