Kompyuta Iliyokuwa "Ikipumzika"

Mwishoni mwa miaka ya tisini nilikuwa fundi wa kompyuta katika ofisi ya shirika moja la misaada pale Kakuma. Tuliletewa kompyuta mpya, zikakataa kabisa kuendesha programu yetu ya zamani ya stoo ya dawa. Ikabidi tuweke programu nyingine iliyojifanya kompyuta ya zamani ndani ya ile mpya. Pembeni mwa dirisha lake kwenye skrini palikuwa na kitaa cha kijani. Kiliwaka mradi dirisha liko wazi, basi. Kompyuta ya ndani ingeweza kuwa imeganda tangu juzi na kitaa kikaendelea kung'aa.

Mkuu wetu wa ofisi alikipenda kitaa kile kama kitinda mimba wake. Wageni wakifika kutoka Lodwar, walionyeshwa kitaa kabla ya kupewa maji ya kunywa.

Siku moja akaingia muuguzi wa zahanati ya Lopur, mama wa Kiturkana asiye na maneno mengi, amebeba katoni.

"Ejok," alisalimu, akaiweka mezani. "Niliomba dawa ya malaria. Mmeniletea bandeji tena."

Mkuu akamwelekeza kwenye skrini. "Lakini sista, mfumo unafanya kazi. Ona kijani."

"Nimeona. Wagonjwa niwape hicho?"

Nilipochunguza, nikakuta kompyuta ya ndani ilikuwa imeganda kitambo, na sisi tulikuwa tukigawa dawa kwa hesabu za wiki iliyopita. Nikakaa kutengeneza maelezo mapya ya hali yake, kwa maneno: Inafanya kazi, Imezimwa, Imekwama. Chini yake nikaweka siku na saa ambapo kompyuta ya ndani iliitika mara ya mwisho.

Mkuu aliyasoma akakunja uso. "Hilo la 'Imekwama' litoe. Wageni watatuonaje?"

"Niandike nini, mzee?"

Akafikiri kama mtu anayemchagulia mtoto jina. "Andika 'Inapumzika'."

Nikaandika. Saa sikuigusa, naye hakuikumbuka.

Wageni walikuja siku ambayo sista naye alikuwa amefuata dawa zake, akaambiwa stoo haifunguliwi mpaka mfumo uitike. Mmoja wao akainamia skrini, akasoma polepole: "Inapumzika, tangu jana asubuhi." Akamgeukia mkuu. "Huku hata kompyuta hupewa likizo?"

Mkuu alicheka peke yake, kisha akasingizia kwamba joto limeichosha mashine.

"Haipumziki," sista alisema. "Imekwama. Nifungulieni stoo, gari linaningoja."

Mgeni yule akaagiza stoo ifunguliwe. Nilipomaliza kuiwasha upya ile kompyuta ya ndani, sista alikuwa ameshaondoka na dawa yake ya malaria.

Jioni mkuu aliniita, akanigombeza kwa Kiingereza kirefu cha ofisini kwamba nimemwaibisha. Kisha akashusha sauti na kurudi kwenye Kiswahili. "Lile neno lako, lirudishe."

Nikalirudisha siku hiyo hiyo. Tangu hapo wageni hawakuletwa tena chumbani kwangu. Walipelekwa kutazama tangi jipya la maji, ambalo kwa bahati ya mkuu halikuwa na maandishi.