Mgeni wa Mwaka Mmoja

Mgeni wetu alifika mtaani kwetu Kuze mwaka wa sitini na sita, msichana wa miaka kumi na saba kutoka Amerika, akae nyumbani kwetu mwaka mzima na kusoma darasa moja nami. Salamu aliyoijua ilikuwa moja tu, "Sabalkheri," naye aliitoa asubuhi na jioni, kwa babangu na kwa muuza maji. Mikono yake haikutulia. Akikaa mkekani huikalia. Akiinuka huokota vikombe vyote, hata vyenye kahawa, akaenda kuviosha. Akiulizwa hali hujibu upesi, "Nzuri sana," kwa sauti nyembamba, kisha akatazama mlangoni.

Mwezi wa pili, Ijumaa asubuhi, mama alikuwa akinisuka ukumbini. Mgeni alisimama akitutazama mpaka nikamalizwa. Nilipoondoka, alikaa palepale nilipokuwa, akampa mama mgongo, akafungua nywele zake. Mama alipozigusa tu kwa kitana, mabega ya mgeni yakaanza kutetemeka.

"Walilia nini, mwanangu?"

"Mamangu," alisema, na Kiswahili kikamwishia hapo.

Mama hakumuuliza tena. Akamtia mafuta ya nazi, akamsuka. Nywele zile zilikuwa laini mno. Kila msuko ukiisha ulifumuka wenyewe. Jikoni mbaazi zikaanza kuungua, nami nikamwambia mama.

"Kaziepue wewe," akanijibu, akaanza tena kutoka juu.