Nilivyojitoa timu yangu Joburg ili timu mpya ya footy itupate wote wawili

Wakuu, heshima kwenu nyote mliomo humu. Kisa hiki kimenikuta mwenyewe hapa Joburg mwaka 2017, sijatia chumvi hata punje.

Mimi mtu wa Tanga, nalinda geti la flat Doornfontein. Jumapili nacheza footy, ule mpira wa Waaustralia: mpira una umbo la yai, unaudaka kwa mikono, unapiga kwa mguu, goli lina nguzo nne. Msicheke, ukionja huachi.

Kwenye timu ya mtaa wa Kensington nilikuwa na Dido, Mkongo wa Bukavu, fundi cherehani. Ndiye aliyenipeleka huko, wakati sina rafiki hata mmoja mji huu.

Mwaka huo ligi ikaongeza timu mpya, ya mtaa wa Observatory.

Inapataje wachezaji? Kila timu ya zamani inaandika majina inayoyalinda, hao hawaguswi. Kati ya waliobaki, timu mpya inachukua mmoja tu kwa kila timu. Halafu inaweza kuokota yeyote asiye na timu.

List ya Kensington ikatoka. Mimi simo. Dido hayumo.

Eish! Niliisoma mara tatu.

Jioni akanipigia coach wa timu mpya, dada wa Kizulu anaitwa Thandi. "Bhuti," yaani kaka, "nakutaka wewe. Kesho mchana nataja majina."

Niliruka pale getini mpaka mpangaji mmoja akaniuliza kama nimeshinda bahati nasibu!

Kisha nikamkumbuka Dido. Nafasi ni moja. Nikampigia.

"Ndugu, wewe enda tu," akasema. "Mi niko na kazi mingi ya kushona." Sauti ilikuwa imeshuka kabisa.

Hapo akili ikanijia. Asiye na timu!

Nikamrudia Thandi. "Mtaje Dido. Mimi najitoa Kensington, nakuja nikiwa huru."

"Coach wako asiposaini barua ya kukuachia, msimu mzima huchezi popote."

"Najua."

Asubuhi nikaenda na barua ya kujitoa kwa coach wangu, mzee anayeuza vipuri vya magari. Akaisoma yote.

"Nilikuacha kwa sababu ya goti lako, sina ubaya na wewe," akasema. Akasaini.

Wakuu, nilikimbia na ile karatasi hadi Observatory, kilima chote kile, goti limesahau kuuma! Nafika, Thandi ndiyo anamtaja Dido. Nikaweka karatasi mezani, akaandika jina langu chini ya lake. Dido akanibeba juu kama mtoto, anapiga kelele kwa Kifaransa.

Mechi ya kwanza tulipigwa vibaya, sifichi. Lakini goli la kwanza kabisa la timu alifunga Dido, pasi yangu! Tulishangilia kama tumebeba kombe, sisi ambao kila mtu alituacha.

Funzo nililopata: ukikosa jina lako kwenye list, soma utaratibu wote kabla hujakata tamaa. Na ukiona upenyo, angalia kama mwenzako naye anapita.

Nani humu aliwahi kuachwa kazini au kwenye timu, wageni wakamwokota? Mwageni visa vyenu. Na walioko Joburg wanaotaka kujaribu footy, semeni, viatu vya kuazima vipo.