Kanga ya Mtani

Leo bibi mmoja mgonjwa amenifia mikononi katikati ya mtihani wa vitendo, mwalimu wangu wa uuguzi akiangalia.

Tuko zahanati moja huku Urambo. Nikamwamkia bibi vizuri kabisa, kama tulivyofundishwa.

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Kisarawe, bibi. Mimi Mzaramo."

Hapo ndipo nilipojimaliza. Nilisahau kwamba Wanyamwezi ni watani zetu.

Nikamfunga mkanda wa kupimia presha, nikaanza kupampu. Bibi akageuza macho, kichwa kikalala begani.

Jamani, yote niliyosoma yalinitoka. Nikamshika mkono kutafuta mapigo, machozi yananitoka, naita tu, "Bibi, bibi yangu."

Jicho moja likafunguka.

"Mzaramo gani wewe? Mtani amekufa, badala ya kugombea kanga zake unalia?"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Mwalimu akajifuta macho, akaniambia nipime upya bibi akishatulia.

Wakati wa kuondoka, bibi akavua kanga ya begani akanipa.

"Chukua kabisa. Siku nikifa kweli utakuwa umesharudi kwenu."

Wenye watani naomba ushauri: hii naivaa, au naitunza?