Bendi Iliyofukuzwa Zizini

Miaka ya tisini chuo kikuu kilikuwa kikifungwa kila wanafunzi walipogoma. Mara moja kilifungwa muda mrefu, nasi marafiki watatu tukaamua kuendelea na bendi yetu ya roki nyumbani kwetu, Bomet. Mimi niliimba, rafiki yangu wa Longisa alipiga gitaa, na mpiga ngoma alitoka Kericho, ambako babake, mzee wa kutoka upande wa ziwa, alikuwa fundi wa mashine katika kiwanda cha chai.

Tulifanyia mazoezi bandani, kando ya zizi. Siku ya tatu mama alikuja na ndoo tupu.

"Ng'ombe wamekataa kuachilia maziwa," alisema. "Chagueni: chai ya rangi ama hizo kelele."

Tukahamia kanisani. Pasta alituazima spika, mradi Jumapili tupige wimbo mmoja wa sifa. Tuliupiga kwa nguvu zetu zote. Nyanya mmoja wa mstari wa mbele aliziba masikio kwa kitambaa, ingawa mguu wake ulicheza. Baada ya ibada, pasta alituita kando.

"Vijana, Mungu anasikia hata mkipunguza sauti," alisema. "Lakini Jumapili ijayo mrudi. Leo hakuna kijana ametoka kabla ya mahubiri."

Habari zilifika mpaka kiwandani, tukaalikwa kupiga kwenye siku ya michezo ya wafanyakazi. Mpiga ngoma hakufurahi. Babake alijua kwamba mwanawe anasoma uhandisi. Habari za ngoma hakuwa ameambiwa.

Tulianza na wimbo wetu kuhusu mvua ya Kericho, ile inayokuja kila alasiri kama mtu aliyeandikwa kazi. Katikati ya wimbo stima ikapotea. Gitaa likanyamaza, nami nikabaki nikifungua mdomo kama samaki. Mpiga ngoma peke yake ndiye aliyeendelea, jasho likimtoka, kwa sababu babake alikuwa ameinuka, akija moja kwa moja kwake.

Mzee aliokota debe tupu, akakaa kando yake, akaanza kulipiga.

"Unakimbia," alimwambia. "Tulia. Hata mimi nilikuwa na bendi kabla mama yako hajanikataza."

Wachuma chai wakadaka kiitikio, uwanja mzima ukaimba bila spika. Sijawahi tena kusikia sauti zetu zikipendeza vile.

Chuo kilipofunguliwa tulikuwa na jina. Tulijaza ukumbi, tukarekodi kaseti, ikasambaa. Siku moja, nikiwa nyumbani likizoni, niliisikia ikilia dukani Mulot, nikashindwa kujizuia.

"Huyo anayeimba ni mimi," nikamwambia mwenye duka.

Alitazama gambuti zangu zilizojaa matope.

"Wewe? Hawa ni watu wa Nairobi," akasema, akaongeza sauti ya redio.