Matairi Kumi na Mawili

Waliposikia nimenunua tela la eksel tatu, watu wa Ifakara walinipa miezi sita. Wengine walinipa mitatu. Mjomba wangu, mstaafu wa mashamba ya miwa kule Kidatu, alinikuta sokoni akanisemesha mbele ya watu.

"Tairi kumi na mbili chini ya bodi tupu, mjomba? Utakuja kuuza kichwa cha lori ununue tairi, halafu uuze tairi ununue unga."

Watu wakacheka. Nami nikacheka, kwa sababu mjomba huyohuyo alikuwa amenikopesha, na mtu akikukopesha ana haki ya kukuombea mabaya kidogo.

Sikuwa mtu wa kubahatisha. Nina stashahada ya ufundi wa magari, niliyoilipia kwa kubeba magunia, na nilifanya kazi miaka tisa Dar es Salaam katika karakana ya matela. Nilirudi nyumbani kwa hiari yangu, wa kwanza katika ukoo wetu kurudi na kitu kinachohitaji leseni. Tela lenyewe halikuwa na kuta, bodi bapa tu, refu, la kubeba mpunga wa Mngeta, magogo ya msaji na hata kombaini za kuvunia. Lilikuwa limetumika, lakini hapa kwetu hakuna aliyekuwa na jingine kama hilo.

Sehemu kubwa ya fedha aliitoa mfanyabiashara mmoja wa mpunga, naye alitaka dhamana. Mimi sikuwa hata na kiwanja. Dada yangu mkubwa akaweka eka zake tatu za Katindiuka. Karatasi iliandikwa kwa mwenyekiti wa mtaa: nisipolipa hadi mwisho wa mwezi wa tisa, yule bwana atalilima shamba lile misimu mitatu. Dada na watoto wake wanne walikula kutoka hapo. Alipokwisha kuweka dole gumba aliniambia, "Mdogo wangu, mimi sijui eksel. Najua mpunga."

Katika miezi minne ya kwanza tela lilikula matairi manane.

Dereva wangu alikuwa amenizidi umri, mtu aliyeendesha magari ya bonde hili tangu enzi za kivuko, kabla daraja halijajengwa. Alikuwa na mazoea ya madereva wote wa huku. Wakati wa masika, akiingia njia ya Mngeta, alipunguza upepo ili matairi yasizame kwenye tope. Jambo hilo silipingi. Lakini akishatoka kwenye tope alipakia, akashika lami mpaka Kidatu na upepo uleule mdogo, matairi yakichemka kama maharage. Na kupima kwake kulikuwa ni kugonga kwa kipande cha nondo.

"Hili linalia," alisema asubuhi moja, akizunguka tela. "Hili nalo linalia. Ngoma zote zina ngozi, bosi."

Nilimfuata nyuma na geji ya kupimia upepo. Kati ya matairi kumi na mawili, matano yalikuwa na upepo pungufu, na manne katika hayo ni yale ya ndani, ambayo huyafikii bila kuinama.

"Nondo yako inaongopa, kaka."

"Nondo haijasoma, bosi. Isamehe."

Sikuisamehe. Niliiweka nyuma ya kiti na nikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kwenye gari langu hakuna habari isiyopimwa. Nikanunua mpira mrefu wa kuvuta upepo kutoka kwenye tangi la kichwa, ili tope likiisha tujaze palepale barabarani. Nikapanga upya matairi pacha, kwa sababu mtu alikuwa amefunga jipya na kuukuu pamoja, na likiwa moja refu na jingine fupi, lile refu hubeba mzigo peke yake hadi linachoka. Magunia nayo tukaacha kuyarundika nyuma ya bodi kwa uvivu wa kushusha. Fundi tairi wa stendi, aliyezoea kuniona kila wiki, alianza kuniuliza kama nimehama mji.

Hata hivyo eksel ya mbele ya tela iliendelea kula. Ulipopitisha kiganja juu ya tairi kutoka nje kwenda ndani, liliteleza. Ulipokirudisha, lilikwaruza kama msumeno. Matairi mawili mapya yalikwisha kabla mavuno hayajafika katikati, na fedha ya kununulia mengine ndiyo ileile niliyokuwa nikiitunza kwa ajili ya yule bwana. Dada alianza kuweka mbegu kwa jirani, za eka moja aliyoikodi endapo shamba lake litachukuliwa, na hilo liliniuma kuliko maneno ya sokoni.

Siku moja tulisimama Kiberege kunywa chai. Dereva alikuwa akifuta vioo vyake.

"Bosi, tukipata fedha tubadili kioo hiki cha kulia," akasema. "Tukiwa kwenye barabara iliyonyooka, kushoto naliona tela lote hadi taa ya nyuma. Kulia naona ubavu kidogo tu."

Niliweka kikombe chini. "Umeliona hilo tangu lini?"

"Tangu mwezi wa nne."

"Na hukusema?"

"Ulisema hutaki habari isiyopimwa. Mimi kioo nitakipima na nini?"

Niliinuka nikaenda kukitazama. Kioo kilikuwa kizima. Tela ndilo lililokuwa likikimbia upande, na mimi mwenye stashahada nilikuwa nimeketi kando ya mtu aliyeliona kila siku.

Kupima unyoofu wa eksel kunataka mahali pa tambarare, na tambarare ya kuaminika Ifakara ni sakafu za saruji za kuanikia mpunga kwenye mashine za kukoboa. Nilimwomba mwenye mashine, akanipa nafasi asubuhi kabla ya akina mama kumwaga mpunga. Tulifunga waya mwembamba kwenye pini ya mbele ya tela, ile inayoshikana na kichwa, tukauvuta hadi ncha ya kulia ya eksel ya kwanza, halafu ncha ya kushoto. Akina mama walikuwa wamekwisha fika, wameketi juu ya magunia.

"Baba, huo mchezo wa kamba unaisha saa ngapi?" mmoja akauliza. "Jua letu linalipiwa."

"Mwache," mwenzake akasema, "analipima tela suruali."

Kushoto kulizidi kulia kwa upana wa vidole viwili. Bushi za mpira kwenye mkono unaoshika eksel zilikuwa zimelika, eksel ikakaa mshazari. Nilizibadili mwenyewe, hapohapo pembeni, nikarudia waya mpaka pande zote zikalingana, kisha nikazilinganisha eksel mbili za nyuma na ile ya kwanza. Nikamrudishia dereva nondo yake. Naye akakubali kuacha kukata kona ya papo kwa papo kwenye yadi za mashine, maana eksel tatu zikizungushwa zimesimama husaga matairi kama kisigino kinavyosaga kipande cha sigara.

Hadi mavuno yanaisha sikununua tairi jingine. Tulikwenda safari ambazo wenye magari mawili hawakuzifikia, na hilo nalisema bila haya.

Siku ya kulipa nilivaa shati jeupe. Nilianza kwa mjomba, nikamsalimu shikamoo, nikamwekea fedha yake mezani. Aliitazama, akaniuliza kama nina nafasi ya kubeba mbao zake. Mchana nilikwenda na dada kwa mwenyekiti wa mtaa. Mfanyabiashara alipokea, akahesabu, akatoa karatasi. Dada akaikunja mara mbili.

"Trekta lako liko shambani kwangu," akamwambia.

Kumbe yule bwana alikuwa na hakika kwamba nitashindwa kulipa, kiasi cha kupeleka trekta mapema, nalo likamfia klachi katikati ya majaruba. Akanigeukia mimi.

"Si una tela, ndugu yangu? Si ni hapo tu."

Tulilipakia jioni hiyohiyo, dada akisimama tutani kuangalia tusimharibie mfereji. Nilimtoza nauli kamili.